Ugonjwa Ambao Mwenyewe Hauoni: Kusoma "A Mind Unraveled"

Kitabu: A Mind Unraveled
Mwandishi: Kurt Eichenwald
Mchapishaji: Ballantine Books, 2018
Lugha: Kiingereza

Mtu ataandikaje kumbukumbu za jambo ambalo halikumbuki? Hilo ndilo swali ambalo Kurt Eichenwald alilazimika kulijibu kabla hajaandika hata ukurasa mmoja. Aliyeandika kuhusu vita alikuwepo vitani. Aliyeandika kuhusu jela alilala jela. Mwenye kifafa cha kupoteza fahamu, kusema kweli, hakuwepo. Mwili wake ulikuwepo, umeanguka, umekakamaa, umetikisika, lakini mwenye mwili alikuwa ametoka. Anaporudi anakuta ulimi umeng'atwa, nguo zimelowa, na duara la nyuso linamtazama. Hapo anaanza kukisia: nimeanguka saa ngapi? Nani ameona? Nimesema nini?

Wengi wanamjua Eichenwald kama mwandishi wa habari za uchunguzi. Alifanya kazi The New York Times kwa miaka mingi, na kitabu chake The Informant cha mwaka 2000 kilitengenezewa filamu mwaka 2009, Matt Damon akiwa mhusika mkuu. Humu anayechunguzwa ni yeye mwenyewe: kijana wa miaka 18 aliyeingia chuo cha Swarthmore, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1979, na muda si mrefu akaambiwa ana kifafa.

Niseme mapema nasoma nikiwa nani, ili ujue nimekaa upande gani wa meza. Nami nina kifafa. Kilinianza nikiwa kidato cha tano, nikaingia nacho chuo, na shahada ya miaka mitatu nikaimaliza kwa minne. Kwa hiyo kuna kurasa humu nilizisoma nikitikisa kichwa, na zipo nyingine nilizibishia kwa sauti. Lakini sikukaa kuandika haya kwa sababu kitabu kinanigusa. Vitabu vinavyonigusa ni vingi na vibovu vimo. Nimeandika kwa sababu Eichenwald amegundua njia ya kusimulia ugonjwa huu ambayo waandishi wakubwa kuliko yeye hawakuwa nayo, na sidhani kama mwenyewe ameiona maana yake yote.

Tuanze na siri, maana ndiyo mgongo wa kitabu. Baada ya kugundulika, kijana anapewa ushauri na daktari wake wa kwanza: usimwambie mtu. Watu wakijua watakukimbia, watakufungia milango. Anatii. Wanaojua ni wachache, hasa wenzake wa chumba, na hao nao wanaingizwa katika kazi ya kuficha. Wanamlinda akianguka, wanamfunika, wanabuni maelezo. Vijana wa umri wa kucheza na kufeli mitihani wanageuka wauguzi wa zamu. Kitabu kinaonyesha vizuri sana siri ile inavyokula watu: anayeificha anachoka, na wanaomsaidia kuificha wanachoka zaidi, maana wao ndio wanaokesha wakimsikiliza anavyopumua.

Hapa ndipo wasiwasi unapoingia, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu mwandishi. Vitabu vingi vya afya vinautaja wasiwasi kama ugonjwa wa pili unaoandamana na kifafa, wa kwanza kichwani, wa pili moyoni. Aliyewahi kuishi navyo chuoni anajua haviachani hivyo. Usipolala vizuri, hatari ya kuanguka inaongezeka. Ukiwa na hofu ya kuanguka, hulali vizuri. Ikifika wiki ya mitihani, darasa zima linakesha na madesa, nawe unajua kukesha kwako kuna bei yake. Ukilala unaogopa kufeli, ukikesha unaogopa kuanguka. Dawa nazo zina upande wao. Fenobabitoni, ambayo huku kwetu ni ya bei nafuu na inapatikana kirahisi kuliko nyingi, inaweza kukuletea usingizi na ubongo mzito, ukasoma ukurasa mmoja mara nne. Basi kuna siku unaitazama kidonge unajiuliza: leo nataka kichwa chepesi au nataka usalama? Ukiruka dozi, mwili hausahau.

Juu ya hayo kuna hesabu ndogondogo ambazo hakuna anayekuona ukizifanya. Ukumbini unakaa pembeni, karibu na mlango. Hosteli unaomba kitanda cha chini cha dabo deka na unatafuta sababu ya kuomba. Bafuni hufungi komeo. Wenzako wakienda kuogelea, una mafua. Jiko la mkaa unapika umesimama mbali. Ngazi unashuka umeshika ukuta. Unaweza kukaa miezi sita hujaanguka hata mara moja, na kila siku ya miezi hiyo sita umeishi kama mtu anayeanguka kesho. Eichenwald anaijua hesabu hii. Ya kwake ni ya theluji na mabweni ya Marekani, lakini ni hesabu ileile.

Sasa mlinganishe na Dostoyevsky, ambaye kila anayezungumzia kifafa katika fasihi lazima amtaje. Alikuwa nacho mwenyewe. Katika riwaya yake ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Idiot, iliyotoka kwa sehemu katika jarida mwaka 1868 na 1869, alimpa ugonjwa huo Mwanamfalme Myshkin. Wahakiki wanapenda kunukuu mahali pamoja: zile sekunde chache kabla ya kuanguka, ambapo Myshkin anaona mwanga na utulivu usio wa dunia hii. Ni kurasa nzuri, sikatai. Ila zimetuletea hasara. Kwa sababu yake, kizazi baada ya kizazi cha wasomaji wamefikiri kifafa ni aina fulani ya unabii, na mgonjwa ni mtu aliyechungulia mbinguni. Wengi wetu hatuoni mwanga wowote. Mimi huwa nasikia harufu ya kitu kinachoungua, halafu sipo.

Lakini rudi kwenye riwaya hiyo, soma mahali ambapo hawanukuu. Rogozhin anamvizia Myshkin kwenye ngazi za hoteli na kisu mkononi. Myshkin anapiga ukelele na kuanguka, na ukelele huo ndio unaomwokoa, maana muuaji anaingiwa na hofu na kukimbia. Hapo sasa angalia msimulizi anafanya nini. Kurasa nzima tulikuwa ndani ya kichwa cha Myshkin, tukizunguka naye mitaa ya Petersburg, tukihisi naye kwamba kuna macho yanamfuata. Akianguka, msimulizi anatoka nje. Inambidi. Anatueleza anguko kama linavyoonekana na wapita njia, watu wanajaa, hadi anatokea kijana anayemtambua ni nani. Hata Dostoyevsky, aliyeijua hali ile kwa mwili wake, alipofika pale ilibidi aazime macho ya watu wengine.

Na kama unataka kuona Dostoyevsky akiujua wasiwasi, achana na ule mwanga, soma habari ya chombo cha Kichina. Myshkin amealikwa nyumbani kwa akina Yepanchin kukutana na wakubwa. Aglaya anamwambia kwa kejeli kwamba bila shaka atakivunja kile chombo cha thamani. Tangu hapo mtu wa watu hana raha. Anaamua kukaa mbali nacho kabisa. Anaongea, anasisimka, anasogea bila kujua, na chombo kinaanguka. Hakijapita kitambo naye anaanguka. Kwangu hizo ndizo kurasa za kweli zaidi zilizowahi kuandikwa kuhusu maisha ya mwenye kifafa: umeambiwa mbele ya watu kitu gani utakivunja, na jioni nzima huwezi kuwaza kingine.

Tofauti ya Eichenwald ni kwamba yeye haruhusiwi kufanya ujanja wa mtunzi wa riwaya. Ni mwandishi wa habari, na hiki si cha kubuni. Hana msimulizi wa kumtoa nje akianguka. Tena kifafa na dawa vimeitafuna kumbukumbu yake hata ya siku ambazo hakuanguka. Kwa hiyo anafanya kile anachokijua kazini: anatafuta mashahidi. Ana kanda alizojirekodi wakati ule akiwa kijana. Ana kumbukumbu za hospitali. Anawarudia watu waliokuwepo, wenzake wa chumba wakiwemo, sasa ni watu wazima, na anawauliza waliona nini. Sauti zao anaziweka ndani ya simulizi kama zilivyo, zinamkatisha, wakati mwingine zinaonyesha kwamba mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyodhani.

Hapo ndipo kitabu kinapokuwa kikubwa kuliko mwandishi wake. Fikiria: huyu ni mtu aliyeambiwa asimwambie yeyote. Miaka karibu arobaini baadaye hawezi kuandika maisha yake bila wale wachache aliowaambia. Kila mahali aliponyamaza, leo pana tundu. Kila mahali alipomwambia mtu, leo ana ukurasa. Ushauri wa kuficha ulikuwa mbaya kwa afya yake, hilo analisema mwenyewe tena na tena. Kitu ambacho hakisemi, lakini muundo wa kitabu unakisema, ni kwamba ukificha kifafa unajinyima shahidi pekee wa sehemu ya maisha yako. Nafsi ya kwanza umoja katika ugonjwa huu haitoshi. "Mimi" inabidi ikope kwa "wao".

Nililijua hili kwa vitendo kabla sijalisoma. Mwenzangu wa chumba mwaka wa pili, mtoto wa Tabora, aliwahi kuniamsha asubuhi na kikombe cha uji akaniambia, "Mwenzangu, usiku ulianguka. Nilitazama saa, dakika mbili kasoro. Nilikugeuza ubavu. Uliniita mama." Alisema hivyo kama anayenisomea salamu za redio. Miaka yote ile ya wasiwasi, sikumbuki dawa iliyonituliza kuliko taarifa ile. Dakika mbili kasoro! Kumbe kilikuwa kitu chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kupimwa kwa saa.

Siri Hustvedt ana kitabu kinachofaa kusomwa pamoja na hiki, The Shaking Woman cha mwaka 2010. Yeye alianza kutetemeka mwili mzima, kuanzia shingoni kwenda chini, akihutubia katika kumbukumbu ya marehemu baba yake, na muda wote sauti yake iliendelea kutoka sawasawa na akili zake zilikuwepo. Alijiona. Kwa hiyo kitabu chake ni mtu mmoja akijiuliza kwa kina: huu ni mfumo wa neva, ni huzuni, ni hofu, na nani alisema hivyo ni vitu tofauti? Ni mwanafikra bora kuliko Eichenwald. Ila Hustvedt alikuwepo, na mashahidi hakuwahitaji kwa namna ileile. Ukivisoma vyote viwili utaona kabisa mpaka ulipo.

Sasa malalamiko yangu.

Sehemu ya katikati ya kitabu inasimulia jinsi chuo kilivyomwondoa masomoni kwa sababu ya ugonjwa, na jinsi alivyopigana kurudi akiegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inayokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Alirudi, na mwaka 1983 akahitimu. Inasomeka kama hadithi ya kusisimua, na hapo ndipo shida ilipo. Kuanzia hapo kitabu kinaanza kuamini kwamba maisha na kifafa ni pambano, na kwamba mwenye nia atashinda. Baba yake alikuwa daktari wa watoto na profesa. Kulikuwa na sheria ya kuishika. Kulikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko. Hatimaye kulikuwa na daktari bingwa mzuri Dallas. Mwandishi anavitaja vyote hivi, hafichi, lakini hitimisho lake linavisahau na kubaki na nia peke yake.

Mimi nami niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya chuo baada ya kuanguka katikati ya mtihani. Nikaambiwa kwa upole sana kwamba ingekuwa vyema "nipumzike mwaka mmoja kwa faida yangu". Nilipumzika. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, lakini pale ofisini hakuna aliyeitaja, wala mimi sikuijua. Nia nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni mtu mmoja wa kuniambia kwamba ombi lile lilikuwa linajadilika. Kwa hiyo ninaposoma kurasa za ushindi wa Eichenwald, nafurahi kwa ajili yake, halafu nawakumbuka waliopumzika na hawakurudi. Kitabu kinachojengwa kwa mashahidi kingeweza kuwaachia nafasi hata ya aya mbili.

Na fasihi yetu je? Nimetafuta kifafa katika riwaya za Kiswahili na mara nyingi nimekikuta kama kitisho: mhusika wa pembeni anaanguka motoni, kijiji kinasema amerogwa, tunaendelea. Lugha yenyewe haitusaidii sana. Katika neno "kifafa" sikio linasikia kufa. Na imani kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza bado ipo, ndiyo maana watu wanaona moto au maji vikimchukua mtu na wanasita kumgusa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyehudumia wagonjwa wa kifafa Mahenge tangu miaka ya 1960, aliandika juu ya watu waliotengwa hivyo na walivyokuwa na makovu ya moto. Maandishi yake ni muhimu, lakini ndani yake wagonjwa wanaonekana kwa macho ya daktari. Wenyewe bado hawajaandika.

Wasiwasi wa mwanafunzi, kwa upande mwingine, tunao, na tumeuandika vizuri mno. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, bado haijapata mpinzani. Kazimoto ni mwanachuo anayerudi nyumbani likizo, na kichwa chake hakimpi nafasi ya kupumzika: Mungu, kifo, maana ya kuishi, umbali kati yake na wazazi wake. Tunaona kila kitu kupitia kwake. Hana kifafa, lakini nilipokuwa namsoma Eichenwald nilimwaza yeye zaidi kuliko Myshkin. Kazimoto ana "mimi" kamili, yenye akili kali, isiyo na tundu hata moja, na hakuna mtu anayeingia ndani yake kumwambia "sivyo, mimi nilikuwepo, haikuwa hivyo". Anafikiri peke yake hadi mwisho, na mwisho ni kujiua. Eichenwald ana "mimi" iliyochanika kila mahali, na kwa sababu imechanika, watu wameweza kuingia. Sitaki kusema ugonjwa ni bahati. Nasema wasiwasi unapokaa peke yake na akili nzuri, akili hiyo inautumikia wasiwasi. Shahidi, hata asiye msomi, huukatisha.

Je, kitabu kisomwe? Kisomwe, ndiyo, pamoja na urefu wake na madaktari wake wabaya ambao mwishowe unawachanganya. Lugha yake ni ya kawaida, ya mwandishi wa habari, haijipambi. Asiye na subira na hadithi za ushindi aruke theluthi ya mwisho. Anayefundisha uandishi wa kumbukumbu akifundishe kwa ajili ya zile sauti zinazomkatisha msimulizi, kwa sababu ni somo kubwa kuliko la mtindo. Mwanafunzi mwenye kifafa akisome taratibu, na akumbuke takwimu ambayo Shirika la Afya Duniani hulirudia: watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na ugonjwa huu, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo.

Wewe uliye mzima, unayekaa chumba kimoja na mtu wa namna hii, kitabu hiki ni chako kuliko chetu. Mwenzio akianguka, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu mitetemo ikitulia. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane. Tazama saa, zikipita dakika tano, tafuta gari la hospitali. Yote hayo unaweza kuyasoma popote. Ambalo halisemwi sana ni la mwisho: akizinduka na akili zikarudi, usimfiche wala usimpambie. Mwambie ulichokiona. Hana mwingine wa kumuuliza.